Posa Niliyoimwaga kwa Kamera

Iko nyumba kule Rusimbi ambayo nikipita karibu yake watoto wanaitana, "Njooni, mzee wa kamera huyo!" na mimi natembea kama mtu anayewahi treni, kwa sababu aibu niliyoiacha sebuleni mle ni aibu ya mtu mwenye wajukuu, na afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko kuwasikia waendesha bodaboda wa mtaani kwetu Gungu, ambao wameshaitia chumvi mpaka wanasema nilikuwa nimelewa. Sikulewa. Ningelewa ningekuwa na la kujitetea.

Mimi shule niliiacha darasa la nne na sioni haya kulisema, maana waliosoma wananunua saruji dukani kwangu, na duka hilo nililianza kwa kubeba magunia bandarini, sikupewa na mtu. Juzijuzi nikaongeza chumba cha kupiga picha ubavuni mwa duka. Kijana niliyemwajiri akaniaga anakwenda msibani Kasulu, nadhani msiba bado unaendelea, nikasema basi, kamera ni yangu, nitajifunza mwenyewe. Nikajiandikisha darasa la picha kule Katubuka, mimi na watoto ambao baba zao ni wadogo kwangu.

Mwalimu wetu ni binti, anaitwa Neema. Akiingia ananiamkia mimi kwanza, "Shikamoo mzee," naitikia marahaba, halafu ananikosoa mbele ya wote. Kila wiki anatupa zoezi: leteni kivuli, leteni mistari, leteni mwanga wa dirishani. Siku moja akaziweka picha zangu ukutani kwa projekta, akaziangalia, akashusha pumzi.

"Mzee, mbona watu wako wote wamekauka? Kama wanasubiri kusomewa hukumu."

Darasa likacheka. (Sisi tulifundishwa kwamba picha ni kusimama wima, mikono chini, meno ndani. Kucheka kwenye picha kulikuwa utoto.) Nikavumilia, lakini moyoni nilichomwa. Zoezi lililofuata lilikuwa hili: tupige picha ya mtu mwenye jambo zito moyoni, asiyejua kama anapigwa picha, na tulete Jumatatu. "Na msiogope," akasema, "picha ikikosa uhai, sogea." Neno hilo sogea ndilo lililonimaliza.

Wiki ile sikukaa mahali. Nilikwenda Kibirizi kwa akina mama wanaoanika dagaa, nikakuta wanafunzi wenzangu wameshajaa, mmoja amelala chali mchangani, mama mmoja anamtukana kwa Kiha na kumwuliza kama amekuja kuanikwa. Nikaenda stesheni, mlinzi akanifukuza. Nikampiga picha mke wangu akipika, akageuka na mwiko. Usingizi ulikuwa wa vipande, chakula hakina ladha, naona nyuso tu na vivuli. Jumamosi ikanikuta mkono mtupu, na Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya posa.

Elias ni mtoto wa marehemu kaka yangu, fundi wa mashine za boti, nimemlea tangu akiwa na kamasi. Alimpenda Anjela, binti wa Mzee Baltazari wa Rusimbi, mzee wa kanisa, mtu asiyecheka hata na ndugu zake, na aliyekwisha kuwarudisha wachumba wengine kwa kosa la kuchelewa tu. Mshenga nilikuwa mimi. Na mshenga kazi yake si kubwa: anakaa alipokalishwa, ananyamaza mpaka aulizwe, hainuki bila ruhusa. Mtungi wa pombe ya ndizi tuliokwenda nao unawekwa katikati ya sebule na mirija yake, hakuna anayeugusa mpaka binti aitwe, aulizwe, na akubali. Ndipo unanyweka. Akikataa, mnaubeba mtungi wenu mnarudi nao.

Wakati tunatoka mke wangu akaniuliza, "Hicho kilichovimba kwenye koti ni nini?"

"Miwani."

"Miwani ya tembo?"

Nikafunga kifungo cha koti. Nilijiambia kamera nitaibeba tu, sitaitoa. Nilitaka iwe karibu.

Tukapokelewa vizuri. Nilisema yangu, nikasifiwa. Halafu Anjela akaletwa na shangazi zake, akapiga magoti kwenye mkeka karibu na dirisha, na Mzee Baltazari akamwuliza kwa sauti ile ya kanisani, "Mwanangu, wageni hawa unawafahamu? Mtungi wao tuunywe?"

Binti akainamisha uso. Vidole vikaanza kukunja pindo la kitenge. Mwanga wa dirishani ukamwangukia shavu moja, jingine likabaki kivulini, na nyumba nzima ikawa inamsubiri yeye, Elias mwenyewe ameinamia mbele. Nikaona zoezi langu lote limepiga magoti pale. Nikajiambia moja tu, nikaitoa kamera. Toka pale nilipoketi nilikuwa napata kisogo cha Mzee Baltazari. Basi nikasogea. Nikainuka kabisa.

"Mshenga, unakwenda wapi?" akauliza Mzee Baltazari.

"Kidogo tu, mzee. Usigeuze kichwa, unaniharibia kivuli."

Nilimwambia hivyo. Baba wa binti, nyumbani kwake, siku ya posa.

"Baba mdogo!" Elias akanong'ona. "Kaa chini!"

Sikumsikia, au nilimsikia nikamwona anasumbua. Nikabonyeza, flashi ikawaka nyumba nzima kama radi, shangazi mmoja akapiga yowe la Yesu. Nikarudi nyuma ili wote waingie kwenye picha, nikarudi tena, na kisigino kikaupata mtungi.

Ulilala ubavu taratibu, kama mtu mzima anayejinyoosha, halafu ukamwaga kila kitu. Pombe ikaenda moja kwa moja kwa Mama Anjela, ikamlowesha kitenge kipya mpaka magotini. Mimi katika kutafuta pa kujishikilia nikashika pazia, pazia likaja na fimbo yake na vumbi lake, nikaketi kwenye dimbwi, na kidole bado kiko kwenye kitufe, kamera inapiga trrrr, trrrr, haina habari.

Mzee Baltazari alisubiri mpaka kamera iliponyamaza.

"Tulikuwa tunauliza kama mtungi tuunywe. Mshenga ameinywesha sakafu. Jibu mmejipa wenyewe. Kwaherini."

Binti hakupata nafasi ya kufungua mdomo.

Njiani Elias alikataa bodaboda, akatembea kwa miguu, nami nikamfuata nyuma na suruali inayonata. Tulipokaribia nyumbani akageuka, macho mekundu. "Baba mdogo, kama hukutaka nioe, ungeniambia tu."

Hapo mtu mwenye akili angeitupa kamera ziwani. Mimi Jumatatu nilikwenda darasani. (Ndiyo, nilikwenda. Zoezi ni zoezi.) Mwalimu Neema akaiweka ukutani moja ya zile zilizojipiga zenyewe: midomo wazi, mikono hewani, Mama Anjela ameinua kitenge, pombe inang'aa sakafuni.

"Mzee," akasema, "sasa hii ndiyo picha."

Wakapiga makofi, na aibu yangu kubwa ni hii, kwamba nilivimba kichwa. Nilikuwa bado nimevimba hivyo msichana mmoja wa nyuma aliposimama na simu yake mkononi. "Jamani! Huyo si mama yangu mkubwa wa Rusimbi?" Akaipiga picha ile palepale ukutani.

Jioni yake shemeji yangu, mama yake Elias, akaja dukani, hakuketi. Picha ilikuwa imeshamfikia Mama Anjela kwenye simu, naye amemtuma aniletee salamu hizi: "Mwambie amenimwagia pombe nyumbani kwangu nikanyamaza. Sasa amekwenda kunianika Katubuka kama dagaa?" Shemeji akaongeza kwamba Elias haendi karakana wala hali chakula.

Sikungoja wazee wa kunisindikiza. Nilikwenda Rusimbi usiku haujaingia, na mimi ambaye sijampigia mtu magoti tangu niache kubeba magunia, nilipiga magoti mlangoni kwa Mzee Baltazari, watoto wa jirani wakihesabu mvi zangu. Mzee akaendelea kusoma gazeti lake. Mama Anjela ndiye aliyetoka.

"Kijana hana kosa, mama," nikasema. "Kosa lina mvi. Nifanyeni mnavyotaka, lakini binti aulizwe."

"Picha iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaiangalia kidogo tu. "Futa."

Ndiyo picha pekee niliyowahi kupigiwa makofi. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, maandishi ya Kizungu yanapita, na ukweli ni kwamba kufuta tulikuwa hatujafundishwa. Akamwita Anjela. Binti akaipokea kamera kwa mikono miwili kwa adabu, akatazama, nikaona mabega yanaanza kutikisika, akauma upindo wa kitenge ili baba yake asisikie kicheko. Kisha akaifuta, na zote zilizofuata.

"Posa ileteni upya," akasema Mama Anjela. "Mtungi mwingine, mshenga mwingine. Wewe ubaki Gungu."

Nikabaki. Siku walipokwenda nilifagia duka lililokuwa safi, nikahesabu misumari, nikatoka barabarani nikarudi, nikamfokea mteja aliyetaka bawaba, mpaka simu ikalia, Elias, na nyuma yake nikasikia shangazi zake Anjela wakipiga vigelegele, naye hawezi kusema vizuri. "Baba mdogo, amesema mtungi unyweke."

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji nikalia, na hakuna aliyenipiga picha, Mungu ashukuriwe. Darasani bado naenda, siachi kitu nusu. Lakini mahali ambapo mtu anasubiri jibu la maisha yake, mimi kamera sibebi tena, hata mniambie ni harusi ya mjukuu wangu mwenyewe, nitakaa nilipokalishwa na nitamwangalia kwa macho haya haya.