Kinywa yangu ilishusha solaire ya mwipwa yangu

Admin, ficha muzuri jina yangu, juu mu huu muji bananijua sana. Niko mwanaume wa miaka makumi tano na ine, nakaa Lubumbashi, nilikuwa chauffeur wa camion, dereva wa lori. Barabara ya Likasi, ya Kipushi, ya Mokambo, napita na macho ya kufungwa. Siku moja frein, ni kusema breki, ilikufa pa mutelemuko, nikashuka, nikasimamisha camion na bega. Benye balikuwa pale banaweza kuwaambia.

Mwipwa yangu, mutoto wa marehemu dada yangu, iko mujane. Anauzisha samaki ya baridi kwake mu mutaa wa Hewa Bora. Courant ya umeme ikikatika, samaki inaoza, batoto banalala na njaa. Akakusanya franga mpaka akapata plake za solaire, zile za umeme wa jua, za kutia juu ya nyumba. Lakini kwetu mutoto hawezi kugusa lupango, kiwanja na nyumba yake, bila kuuliza mujomba kwanza. Akakuya na kuku, akapiga magoti.

"Mujomba, banasema hapa kwetu solaire ya juu ya nyumba inaombaka autorisation, karatasi ya ruhusa. Weye unajua miji yote. Ni kweli?"

Kusema "sijui" mbele ya ile kuku, ilinishinda. Nikamuambia: "Mutoto, Likasi banaomba karatasi kwa manyumba ya etaje, ya ghorofa, tu. Kipushi hata habaulizake. Na hapa tunafuata sheria ya Kipushi, juu tuko jirani. Panda, tia!"

Bandugu, sijaingia mu bureau hata moja, ya Kipushi wala ya Likasi. Niliona tu solaire juu ya manyumba nikipita na camion. Kama karatasi ilikuwa mu kabati ya benye nyumba, miye ningeiona wapi?

Solaire ikawaka, samaki ikawa ngumu sawa jiwe. Na miye nikakaa mu nganda moja ya kunywea bia kule Bel-Air, nikasema kwa sauti: "Mwipwa yangu wa Hewa Bora ametia solaire bila karatasi! Ni miye nilimufungulia njia!"

Mwanaume mumoja wa kofia akaniongezea chupa. "Vieux, muzee wetu, weye mukali! Ni avenue gani, na siye tuende kujifunza?"

Nikamupa jina ya avenue, ile barabara yake. Nikamupa na rangi ya portail, geti ya lupango.

Ile juma bantu ba service ya ujenzi bakakuya, ule wa kofia iko mbele yao. Bakasema wazi: kila muji iko na sheria yake, na hapa karatasi inatangulia. Plake zikashushwa mpaka dossier ya ruhusa itengenezwe. Nilikuwa pale. Ule wa kofia akanisalimia: "Bonjour, Vieux." Mwipwa yangu akanishika mukono, macho inamuwaka: "Mujomba, hata hawa banakujua! Utatusaidia!"

Nikajibu: "Ah, hawa ni batoto bangu." Niko muntu gani, miye?

Sasa samaki ilioza. Mwipwa yangu anasema ni jirani njo alimusemea kwa service, Mama Zuhura, mama wa Maniema mwenye kushona manguo, juu aliombaka waya wa ampoule moja, taa tu, kutoka pa ile solaire, akakataliwa. Kati ya lupango zao kulikuwa mulango mudogo, batoto banapita kwenda kula kwa benzao. Mwipwa yangu ameita maçon, fundi wa kujenga, ameuziba na matofali. Na miye nilisimama pale, nikamuonyesha maçon namna ya kunyoosha mustari.

Siku ya Mungu, Jumapili, iko kikao ya jamaa na jirani. Mwenye atakata maneno ni miye, juu ni miye mujomba. Mama Zuhura naye amekubali: "Baba ni muntu mukubwa, atasema kweli." Jana alinitumia sahani ya muchele na sombe, majani ya muhogo. Iko pa meza, imepoa. Bibi yangu anauliza kama niko mugonjwa, juu sijakataa chakula tangu kuzaliwa.

Nikisema, mwipwa hatanipigia magoti tena, na jamaa yote itanicheka. Nikinyamaza, ule mama atabeba kosa yangu, na ule mulango hautafunguka. Bandugu, musinitukane sana. Niambieni tu: nikikaa pa kile kiti, banangojea, nianze na neno gani?