Nyumba Iliyompa Mama Mgongo

Ukitaka kumjua Jotham, usimtafute kazini. Kazini ni mtunza wazee tu, kama mimi, anayekimbilia basi hapa Edmonton, Kanada, soksi zimelowa. Mtafute Jumapili baada ya ibada, umtajie kwao Meru, Kenya. Hapo atazuka mwalimu aliyefundisha fasihi miaka kumi na tisa, nawe utachelewa kufika kwako.

Jotham ana nyumba Meru, ya ghorofa, na hajawahi kulala humo. Usicheke, nusu ya kanisa letu tuko hivyo. Kilichomkosesha raha ni mama yake, mwenye miaka themanini na minne, aliyekataa katakata kuhamia. Alibaki kwenye nyumba yake ya mbao bondeni. Jotham akaweka vigae, akaweka jiko la gesi, mama hakusogea.

"Nataka alale pale kabla Mungu hajamwita, Margaret," aliniambia, machozi yakimlengalenga.

Mwezi Machi bintiye, Makena, alipewa insha ya shule kuhusu riwaya moja ya Kimarekani ambayo baba yake aliifundisha zamani. Nilikuwa kwao, tunakula githeri, mahindi na maharagwe ya kwetu. Jotham akasahau sahani yake. Akaweka chumvi huku, bakuli kule, kutuonyesha riwaya ilivyo: matajiri wa kurithi ng'ambo ile ya maji, wenye pesa mpya ng'ambo hii.

"Yule bwana wa riwaya, mwenye pesa mpya, hakujenga nyumba ya kuishi. Alijenga ya kuonwa. Jiulize kila mara, nyumba inamtazama nani?"

Makena husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Alifungua picha za Meru kwenye simu, akauliza yetu inamtazama nani.

Jotham akaeleza kwa fahari. Baraza inaelekea kilima cha pili, kwenye bangalo la meneja wa shamba la chai. Utotoni yeye na mama yake walipeleka huko nguo alizofua mama, wakipokelewa mlango wa nyuma. Bado anakumbuka harufu ya mkate ukiokwa, na ile sakafu nyekundu ya baraza waliyokatazwa kuikanyaga. Aliipenda ile nyumba, tusidanganyane. Meneja aliondoka zamani. Siku hizi bangalo ni ghala la mbolea.

"Na nyanya yuko upande gani?" Makena aliuliza, safari hii kwa Kiswahili.

Jotham alichukua simu, akaweka spika. Kisha akampigia mama yake, akamuuliza akisimama mlangoni anaona nini.

"Naona tangi lako la maji," mama alisema. "Na bomba la choo. Miaka saba, Baba Makena, nyumba yako imenipa mgongo. Niingie kwa mwanangu kwa nyuma? Nyuma nilishapita vya kutosha."

Jotham alilia mbele yetu, bila aibu. Kesho yake alimwamuru fundi ahamishe tangi, atoboe mlango mkubwa ukutani na kujenga ngazi zinazoelekea bondeni. Mama alikuwa akikaa nje kila siku, akitazama ukuta ukivunjwa.

Siku saruji ilipokauka, alibeba mto wake wa kulalia mwenyewe, akapanda ngazi. Jotham alimtazama kwenye simu akiwa ndani ya basi, akapitiliza kituo.