Funga Yangu ya Jumatatu na Alhamisi

Admin, shikamoo. Naomba usitaje jina langu wala ukoo wangu, maana watu wa kwetu wengi wako humu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mitatu, mwenyeji wa Msambweni, nina wajukuu wawili. Jambo hili nimekaa nalo kifuani tangu miaka ya tisini ikielekea kuisha, na sasa siku zimenibana.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita, sijaolewa, naishi kwetu na wazazi na dada yangu mkubwa. Nilikuwa nasafisha vyumba katika hoteli moja Diani. Nilikuwa mnene, mnene hasa, na kwetu hilo halikuwa tatizo. Lakini msimamizi wetu, mama mmoja wa bara, aliniita siku moja akaniambia, "Wewe wageni wanakupenda, na Kizungu unajua. Lakini hii mwili! Punguza kidogo nikupeleke risepsheni." Wallahi niliitamani ile kazi. Nilikuwa nimechoka kupanda ngazi na ndoo huku nahema.

Mgeni mmoja, bibi wa Kijerumani, ndiye aliyenipa mbinu. Siku mbili za juma alikuwa hali kitu mpaka jioni, anakunywa maji tu, na kwa umri wake alikuwa mwepesi kuliko mimi. Nikaanza. Sasa nyumbani nitasema nini? Kwetu mtu akikataa wali wa mamake lazima kuna jambo, na enzi hizo ukikonda tu watu walishakuzika na ule ugonjwa. Nikachagua Jumatatu na Alhamisi, nikasema nafunga sunna. Kazini nanywa maji yangu, jioni nafuturu nyumbani na uso wa ucha Mungu. Nani angeniuliza?

Mama alifurahi mpaka akalia. Yeye alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alimkataza kufunga hata Ramadhani, na kila mwaka alitoa fidia kwa maskini huku roho inamuuma. Baada ya wiki chache akaninong'oneza jikoni, "Mwanangu, na mimi nafunga pamoja nawe. Lakini dada yako na baba yako usiwaambie, watanikataza."

"Na dawa, Mama?"

"Nameza zote alfajiri, na tende. Nataka nikutane na Mola wangu nikiwa na funga zangu mbili tatu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mama, mimi sifungi, napunguza mwili. Basi. Angenicheka, pengine angeninunia siku mbili, kisha angekula. Lakini nilimwona alivyofurahi, nikaona haya. Nikamwambia, "Mungu akutakabalie."

Dada ndiye aliyekuwa akimtunza Mama. Kila jioni alimtengea vidonge vya kesho, na asubuhi kabla ya kwenda shamba alimwekea chai na mihogo. Siku za kufunga, Mama aliimwaga ile chai, na mihogo akawapa mbuzi. Mimi nilijua. Dada hakujua.

Miezi mitatu haikuisha, nikapelekwa mapokezi. Nilikuwa na siku ya tisa pale, Alhamisi adhuhuri, simu ikalia. Nikaipokea kwa sauti yangu ya kazini, "Karibu, nikusaidie nini?" Alikuwa jirani yetu, anapiga kutoka hospitalini. Mama ameanguka uani. Nilipofika, walikuwa wameshamfunika.

Daktari alisema sukari ilishuka mno, alimeza dawa bila kula. Baba akamgeukia Dada pale pale. "Umemuua mamako kwa njaa." Dada akaapa kwamba alimwekea chakula. "Basi daktari anaongopa?" Dada akanitazama mimi. Nikaangua kilio kwa nguvu ili nisiulizwe kitu.

Arobaini haijafika, Dada akaanza kujishuku mwenyewe. "Labda nilimtengea vidonge mara mbili. Labda ile mihogo haikuiva, ikamshinda." Nikamwambia asijitese. Hilo tu ndilo nililompa. Aliolewa, akazaa, lakini tangu siku ile hajampa mtu dawa kwa mkono wake. Wanawe walipokuwa wadogo, wakiugua homa alimwita jirani awape vidonge. Na Baba hakumwita tena 'mwanangu'.

Sasa Baba ni mzee sana, hainuki kitandani, na yeye pia ana sukari. Dada akimletea uji, Baba husema, "Weka hapo, atanipa mdogo wako." Anayeaminiwa kumpa dawa ni mimi. Mimi, jamani! Na kila nikimpa hunishukuru na kunisifu kwamba nilimjua Mungu tangu usichana wangu.

Juzi Dada alikuja kwangu. Tumeambiwa Baba hana siku nyingi. Akasema, "Mdogo wangu, Ijumaa baada ya swala nisindikize kwa Baba. Nataka nimwombe radhi kwa ajili ya Mama kabla hajatuacha. Nisipoipata, nitakufa vibaya." Kisha akaniuliza, "Wewe ndiye unayejua kusema naye. Nianzeje?"

Nami nikamfundisha. Tulikaa ukingoni mwa kitanda changu nikamtajia maneno ya kuomba msamaha, naye akayarudia nyuma yangu, mama mzima na mvi zake, mpaka akayashika.

Nikisema ukweli, huenda Baba akafa bila kunipa radhi, na Dada sidhani atanitazama tena. Nikinyamaza, dada yangu atampigia Baba magoti mbele ya macho yangu, kuomba radhi kwa dhambi ambayo ni yangu. Ijumaa ni kesho kutwa. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nawaombeni mniambie, nifanye nini?