Msusi Aliyeupeleka Mkono wa Dada Yake Chuoni

Saa nne asubuhi saluni imejaa. Msusi amesimama nyuma ya kiti cha kwanza, chanuo limebanwa midomoni, vidole vinakwenda kwenye kichwa cha mteja bila yeye kuviangalia. Macho yako kwenye meza ya kioo. Hapo, katikati ya makopo ya mafuta na pakiti za nywele za bandia, kompyuta yake inaonyesha kichwa cha mwanamke kinachozunguka polepole. Mbele kimesukwa mistari myembamba, safi. Nyuma ni kipara.

"Profesa, huyo naye mteja?" anauliza mama mmoja anayesubiri zamu.

"Mteja."

"Mbona umemsuka nusu? Hela imemwishia?"

Saluni nzima inacheka. Profesa ndilo jina alilopewa na wateja tangu aanze kusomea shahada ya uzamili ya vyombo vya habari vya kidijitali na tasnia za ubunifu. Anacheka nao. Kesho mchana anasimama mbele ya watahini, na kipara hicho ndicho kitakachoamua.

Ana miaka thelathini na minne. Husuka mchana, husoma jioni, na theluthi ya kipato chake huenda kwenye ada. Kichwa cha mtu humchukua saa nne. Cha kompyuta humchukua wiki kadhaa. "Huyu halalamiki, hasinzii," anasema, "lakini ananichosha kuliko ninyi wote."

Wazo lilianzia darasani. Mhadhiri alikuwa akiwaonyesha nywele ambazo watengenezaji wa katuni na michezo ya kompyuta huwavisha wahusika wao. Za kusuka zilikuwa za aina tatu tu, ngumu kama fagio.

"Nilicheka. Mhadhiri akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, samahani mwalimu, huyu hakusukwa, huyu kavaa kofia. Akasema basi, tengeneza za kwako. Nilirudi nyumbani natembea kama naruka."

Ndio ukawa mradi wake: mitindo kumi ya kusuka inayoinama na kuyumba kichwa kinapogeuka. Tisa imekamilika. Wa kumi ni wa dada yake mkubwa, aliyeianzisha saluni hii na kufariki miaka miwili iliyopita.

Dada alibuni mtindo uliojulikana mtaa mzima kwa jina la Geuka Nikuone. Mistari ilianzia kwenye paji la uso, ikapita juu ya masikio, kisha nyuma ikapanda na kukutana kwenye fundo moja. Uzuri wake wote ulikuwa nyuma, na nyuma hakuna aliyewahi kupapiga picha.

"Picha zipo tele," anasema msusi. "Lakini watu hupiga picha nyuso. Wamekaa, wanatabasamu, kisogo kimeegemea ukuta."

Yeye mwenyewe alisuka na dada yake miaka saba. Mbele aliachiwa yeye, nyuma dada alisuka mwenyewe. "Akifika huko ananituma. Nenda kachemshe maji, nenda kamwoshe yule. Nilidhani ananionea tu. Nikasema nitajifunza, haraka ya nini?"

Kwa hiyo amekuwa akiwatafuta wateja wa zamani. Wa kwanza alimwambia fundo lilikaa katikati. Wa pili akaapa lilikuwa kulia. Akaona wamesahau, na nani awalaumu? Hakuna anayekiona kisogo chake.

Leo aliyekaa kwenye kiti ni wa tatu, fundi cherehani wa duka la jirani. Kila mtu humwita Shangazi ingawa hana mpwa hata mmoja mtaani hapa. Amekubali kusukwa mtindo ule upya, aukumbuke kwa ngozi ya kichwa.

"Hapa, Shangazi?"

"Panda. Panda kidogo. Sasa vuta. Wewe, nimesema vuta, sikusema nibembeleze. Dada yako alikuwa akivuta hapo mpaka nyusi zinahama."

"Haya. Tunafunga hapa?" Vidole vimefika katikati.

"Hapana. Kushoto."

"Mwenzako kasema katikati. Mwingine kasema kulia."

"Hao na vichwa vyao, mimi na changu. Fundo likae kulia nililalieje? Mimi hulalia ubavu wa kulia. Si ndiyo maana dada yako alikuwa akituuliza?"

Vidole vinasimama. "Akiwauliza nini?"

"Unalala upande gani. Kabla hajagusa nyuma, lazima akuulize. Hukuwahi kumsikia?"

"Nilikuwa nachemsha maji," anasema msusi kwa sauti ndogo.

Anaifuta mikono kwenye aproni, anachukua simu na kumpigia yule mteja wa kwanza, sauti ikisikika saluni nzima. "Mama, samahani. Hivi wewe unalalaje?"

"Mwanangu, umeamka salama?"

"Salama, mama. Niambie tu."

"Kifudifudi. Na baba yenu hukoroma. Lingine?"

Vicheko vinazima mlio wa mashine ya kukaushia nywele. Wa pili, akipigiwa, anajibu kwamba hulalia kushoto. Msusi anaiweka simu mezani. Machozi yanamtoka na huku anacheka.

"Hakuna aliyesahau," anasema. "Wote walikuwa wanasema kweli."

Anamaliza kichwa cha Shangazi, anakipiga picha kutoka nyuma kila pembe, kisha anakaa kwenye kompyuta hadi magharibi. Kipara kinapata mistari, na fundo linapata uwezo wa kuhama.

Kesho yake, mtahini mmoja anamuuliza swali alilolitarajia: kati ya nafasi hizi tatu za fundo, ipi ni ya asili?

"Zote," anajibu. "Dada yangu hakusukia picha. Alisukia mtu anayekwenda kulala." Analihamisha fundo kushoto, kulia, katikati, na mistari inalifuata.

Amefaulu. Wamemtaka jambo moja tu: jina la dada yake liandikwe kwenye kazi kama mbunifu wa mtindo.

Kwenye viti vya nyuma vya ukumbi, Shangazi, aliyekuja kumsindikiza, anakitazama kisogo chake kikizunguka kwenye picha iliyomulikwa ukutani, kikubwa kama mlango. "Kumbe nilikuwa napita na kitu kizuri hivi," anasema, "nawaachia wa nyuma wafaidi peke yao."

Kampuni moja ya katuni imeshaomba kuiona mitindo yote kumi. Msusi anasema ataijibu wiki ijayo, kwa kuwa Jumatatu ana safari. Upande wa pili wa mji kuna msusi mzee mwenye mitindo ambayo haijaigwa na mtu. Chaja za kamera ziko tayari kwenye mkoba.

"Yeye yupo," anasema, akiufunga mkoba. "Anasuka, anaongea, anagomba. Nataka nimkute hivyo hivyo."