Hii Haina Chumvi

Tangu daktari amwambie presha imepanda, fundi cherehani hagusi chumvi. Mkewe humpikia mboga chapwa, naye huila bila kununa, kisha hurudi kwenye cherehani, akafungua soda kwa mpini wa mkasi na kuipiga tarumbeta, chupa mdomoni, huku miguu ikikanyaga pedali. Ikiisha, hufungua nyingine. "Hii haina chumvi, mama watoto," husema, na mkewe hukubali, maana ndiye anayeziweka kwenye friji. Leo soda ilimchuruzika kidevuni, ikalowesha gauni la bibi harusi. "Chupa imepasuka hii," alisema, ulimi mzito. Mkewe aliizungusha chupa mkononi, akaikuta nzima. Akamfungulia nyingine. Alipomnyooshea ndipo alipouona mdomo wa mumewe, umekwenda upande.