Mti Uliotibiwa Kama Mgonjwa wa Buba

Wanangu, mnisamehe mwandiko, na herufi nitakazokosea. Shule niliishia darasa la nne, kalamu yangu inatembea kama kinyonga, na mbele za watu naona haya tangu utoto. Lakini juzi nilikuja kwenu Bunda nikawakuta mnang'oa kizibo kwenye shina la mchungwa. Bwana shamba ameudunga dawa, haijakaa hata wiki, nanyi mnachungulia eti mwone kama imeingia. Nilinyamaza, nikapanda basi nikarudi Makoko. Kunyamaza kumenishinda, sasa naandika.

Nakumbuka siku moja, Mwingereza bado anatawala, mama aliona unga kama wa msumeno umemwagika chini ya mchungwa wake, hapahapa Makoko kando ya ziwa. Alikuwa na mmoja tu. Mche wake aliubeba kichwani, kwenye kopo la udongo, alipoolewa kutoka kwao Butiama. Mama yake aliyempa mche huo alikuwa ameshafariki. Sasa funza walikuwa ndani ya shina wanautafuna.

Bwana shamba wa wakati ule alikuja na baiskeli. Aliazima kwa fundi cherehani wa mjini kile kikopo cha mafuta chenye mdomo mrefu, akatia mafuta ya taa, akayadunga kidogo kwenye tundu la funza, akaziba kwa udongo wa kichuguu. Akasema yametosha, tusiguse mpaka mvua zinyeshe.

Baba alikuwa mbali, kazini mgodini, kwa hiyo mwenye sauti nyumbani alikuwa baba mdogo. Wanangu, mjue kwamba miaka ile watu walichomwa sindano za buba, vidonda vikakauka, wakaona muujiza. Sindano ilipendwa kuliko chakula, na ile ya buba ilirudiwa wiki baada ya wiki. Basi baba mdogo akaona bwana shamba ni mvivu tu.

"Kwani mgonjwa wa buba anachomwa mara moja?" akamwambia mama. "Dawa ya moto ni moto, shemeji."

Kila siku ya zahanati, ile ya wiki ya kuchoma sindano, akabandua udongo, akachungulia, akadunga tena. Asipomwona funza akitoka, anaongeza. Majirani wakipita kwenda Kamunyonge wanauliza kama mgonjwa ameanza kula ugali. Fundi cherehani alipofuata kikopo chake akatoa ile methali ya watu wa pwani juu ya kuchamba kwingi. Siiandiki hapa, mnaijua. Baba mdogo akacheka, akabaki na kikopo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Gome likawa jeusi kuzunguka tundu, likapasuka. Majani ya upande wa ziwa yakanyauka, yakaanza kupukutika. Mama akawa anayafagia asubuhi kama anayefagia uwanja wa msiba.

Ikawa siku moja baba mdogo akaja na kikopo, akamkuta mama ameweka kigoda shinani, ameegemeza mgongo palepale penye tundu, anamenya mihogo. Akamwomba asogee. Sikuwahi kumsikia mama akimkatalia shemeji yake neno lolote. Siku hiyo hakusogea.

"Shemeji," akasema, na kisu hakikusimama, "mtu wa buba akizidiwa analia, daktari anaacha. Huu mti una mdomo gani wa kukuambia imetosha?"

Baba mdogo akaangalia kikopo, akaangalia majani. Akakirudisha kwa fundi jioni ileile.

Mama aliendelea kumenya mihogo yake pale mpaka mvua zikanyesha. Upande wa ziwa ulikauka, tukaukata. Upande wa pili ukachipua, na baadaye ukazaa machungwa, madogo lakini matamu. Lile kovu jeusi lilibaki. Kazi ya funza haikuwa hiyo, wanangu. Hiyo ilikuwa kazi ya mkono wa mtu anayependa mti.

Kwa hiyo nisikieni, maana nimechoka. Dawa haifanyi kazi zaidi kwa sababu unaitazama. Kila ukifungua kizibo unafungua kidonda. Dunga palipoambiwa, kiasi kilichoambiwa, ziba, halafu tafuta kigoda ukae. Mvumilivu hula mbivu, na asiyevumilia hufagia majani.

Mungu awape mikono yenye subira, na michungwa yenu izae mpaka matawi yainame. Nanyi niandikieni, hata mstari mmoja, mniambie kama kizibo kimerudi mahali pake.