Miguu ya Senene

Mtu akitaka kugombana na mimi, hana haja ya kusogeza mpaka wa kibanja changu cha migomba. Aseme tu senene ni mdudu. Nimegombana na wakwe zangu wa Dodoma kwa sababu ya neno hilo. Nimegombana na mchuuzi wa samaki aliyetoka visiwa vya Muleba, akaniambia, "Nyie Wahaya mnakula wadudu." Nikamjibu, "Na wewe unauza dagaa wanaotukodolea macho." Akafunika beseni lake, akaondoka sokoni. Wengine wanasema alikuwa amemaliza kuuza tu, lakini mimi ndiye niliyekuwepo.

Kwetu Ijuganyondo mdudu ni mende. Mdudu ni chawa. Senene ni senene. Nilipokuwa mtoto, msimu wa mvua walikuwa wanashuka kutoka angani wengi mpaka jua linaomba njia ya kupita. Asubuhi moja ng'ombe wa baba alipotea, tukamtafuta mpaka Kashozi, kumbe alikuwa amesimama palepale uani, amefunikwa na senene. Mama ndiye aliyempata. Alianza kuchuma kwenye pembe akashuka.

Sasa, watu wa mikoa mingine wakimwona Mhaya wanamtania, "Nshomile", maana yake nimesoma, eti tunajivunia shule. Mimi shule nilikuwa naipita tu nikipeleka ng'ombe malishoni. Fungu langu lote la unshomile akapewa binti yangu. Yule alitafuna vitabu kama fukusi anavyotafuna mgomba, na leo ni mwalimu wa sekondari huko Muleba. Nikifika kwenye neno "mwalimu" huwa nanyamaza kidogo, ili anayenisikiliza akae vizuri.

Mwaka jana, mvua za Novemba zilipoanza, alikuja nyumbani akakaa jikoni na mama yake, wananyonyoa senene. Akanieleza jambo lake. Kuna wanafunzi wa historia na lugha, ambao wakisikia neno baiolojia wanaomba ruhusa ya kwenda chooni. Yeye alitaka kuwafundisha habari za wadudu na binadamu, jinsi tunavyoishi pamoja. Mkuu wa shule akampa kipindi kimoja cha kujaribu. Wakisikiliza, kitakuwa kipindi cha kila wiki. Kikigeuka kelele za sokoni, asiombe tena.

"Nataka uje uongee nao, Tata," akasema. "Wewe ukiongea hata kuku wanaacha kudonoa."

"Hilo nalijua."

"Ila usiwaambie senene si mdudu."

"Sasa niwaambie ni nani?"

"Ni mdudu."

"Mdudu ni mende."

"Na mende ni mdudu. Na nyuki, na siafu. Wote wana miguu sita na mwili wa sehemu tatu."

"Basi umekwama. Senene ana miguu minne."

Mama yake akacheka peke yake, akainamia ungo wake. Sikumwelewa.

"Tata, waitu, nakuomba," binti akasema. "Ukisema hivyo mbele ya mkuu, somo langu limekwisha."

"Nimeuza kahawa kukusomesha, unarudi kuniambia nimelelewa kwa wadudu." Akacheka kidogo, lakini macho hayakucheka. Nikamwahidi kwamba nitafunga mdomo.

"Utaufunga na nini?" mama yake akauliza.

Siku ilipofika nilivaa koti la harusini, nikabeba kikapu cha senene hai alichokifunga mke wangu, na kopo la waliokaangwa. Darasa lilikuwa limejaa, mkuu wa shule amekaa nyuma kabisa, amekunja mikono. Binti yangu akasimama mbele akauliza, "Nani leo ameua mdudu?" Mikono yote ikapanda. "Nani leo amemshukuru mdudu?" Ikashuka yote. Akawaambia habari za nyuki, jinsi wanavyoingia kwenye maua ya kahawa, na kwamba ada yake ya shule ilianzia kwenye yale maua. Mimi nimelima ile kahawa maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba nina deni kwa nyuki.

Akaniita. Nikawapa kisa cha siafu waliopita nyumbani kwangu: wakala mende, wakala panya, wakafagia, na wakati wa kutoka wakarudishia mlango. Darasa likalala chini kwa kicheko. Binti akangoja kitulie, akasema, "Ya mlango tumsamehe babu. Hayo mengine ni kweli, siafu ni wawindaji, wakipita wanasafisha nyumba." Nikawapa fukusi wa kibanjani kwangu, usiku ukitega sikio unawasikia wanatafuna kama mzee mwenye muwa. Akasema, "Toeni chumvi, kinabaki hiki: anayetafuna ni mtoto wa fukusi, yuko ndani ya kitako cha mgomba, ndiyo maana upepo mdogo tu unauangusha na mkungu wake." Tukaenda hivyo, mimi natia chumvi, yeye anapunguza, na wanafunzi wanaandika kinachobaki. Nilimwangalia nikasema moyoni, huyu hakutoka kwangu, huyu nilipewa.

Hapo ndipo msichana mmoja mrefu, mtoto wa wavuvi wa visiwani, akanyoosha mkono. "Babu, kwetu wanasema nyie mnakula wadudu. Ni kweli?"

Neno lilinipanda kutoka kisiginoni. Nikalikanyaga, likateleza. "Mdudu ana miguu sita, mjukuu wangu. Senene ana minne."

Chaki ya binti yangu ikasimama ubaoni. Kule nyuma mkuu akakunjua mikono.

Hakubishana na mimi. Alifungua kikapu cha senene hai nilichokuja nacho, akagawa mmoja mmoja kila dawati. "Hesabuni," akasema.

"Sita, babu," yule msichana akasema.

"Hesabu tena."

"Sita. Hii miwili ya nyuma hukuiona?"

"Hayo ni mapaja."

Msichana akaja akaniwekea senene mkononi. Na hapo, mbele ya watu wote, nikagundua kwamba tangu nizaliwe sijawahi kumwangalia senene akiwa na miguu yake. Kwetu wanaochuma na kunyonyoa ni wanawake. Zamani wao hata kula hawakuruhusiwa, ingawa bibi yangu midomo yake iling'aa mafuta msimu mzima. Sisi wanaume tunakutana na senene kwenye sahani, hana mabawa, hana miguu, ameshakaangwa. Nimekula magunia. Ile miguu minne sijui niliitoa wapi. Labda kwa mbuzi.

Niliwaambia hivyo hivyo, na kelele zikaanza, watu wanapiga madawati, senene wawili watatu wakaruka. Mkuu akasimama. Nikamwona binti yangu anauma mdomo, kama alivyouma siku tunangoja matokeo yake ya kidato cha nne.

Nikanyanyua mkono. "Nyamazeni. Babu alikuwa anahesabu sahani. Mwalimu amehesabu mnyama mwenyewe. Senene ni mdudu."

Nilisikia kama nimeng'olewa jino. Lakini darasa lilinyamaza.

Binti akalichukua neno langu pale pale. "Mnajua kwa nini babu alikataa?" akauliza. "Tusiyempenda tunamwita mdudu, basi. Tunayempenda tunamwita kwa jina lake." Akamgeukia yule msichana. "Kwenu yupo mdudu yupi?"

Msichana akafikiri. "Wale wanaopanda kutoka ziwani kama moshi. Ukifungua mdomo kumwita mtu unawameza."

"Kabla hawajaruka wanaishi majini," binti akasema, "na dagaa wanawala."

Mimi nikarukia. "Kumbe. Sisi tunakula wadudu kupitia mlango wa mbele, nyie mnapitia kwa dagaa, mlango wa nyuma."

Yule msichana alicheka mpaka akafunika uso na daftari, halafu akaomba senene wa kukaangwa waliokuwa kwenye kopo. Akala mmoja amefumba macho. Wa pili akamla amefumbua. Mkuu naye akaja mbele, akachota kiganja kizima kama mtu wa Ijuganyondo. Akasema huku anatafuna, "Mwalimu, wiki ijayo utawaletea nani?"

"Nyuki," binti yangu akasema.

Nilirudi nyumbani koti halinitoshi, kifua kilikuwa kimepanuka. Mama yake akaniuliza kama mdomo ulifungika. Nikamweleza yote, nikampa na mkuu wa shule aliyelia machozi, akaipunguza hiyo mwenyewe. Kisha akanisogezea ungo umejaa. "Sasa umejua miguu iko wapi," akasema. "Nyonyoa."

Nilinyonyoa msimu ule mzima, barazani, kila mtu ananiona. Wanaume wenzangu wakipita wananiuliza, "Mzee, siku hizi umekuwa mwanamke?"

"Nahesabu," nawaambia. "Kaa hapa nikuonyeshe. Ni mdudu huyu, ana miguu sita, na aliyesema ni binti yangu."